Minyoo ya ini na samaki wa ziwani: ni yupi wa kuogopa?

Kama unanunua samaki wa Ziwa Albert, Victoria au Tanganyika, huenda umewahi kumpasua mmoja ukakuta mnyoo tumboni mwake. Huenda pia umesikia kwamba samaki wa maji baridi wana mnyoo anayeingia kwenye ini la mtu na kuleta saratani. Mnyoo huyo yupo kweli. Lakini si yule uliyemwona, na makao yake ni mbali na maziwa haya.

Mnyoo wa ini anayetoka kwa samaki huishi zaidi Asia: kaskazini-mashariki mwa Thailand, Laos, Kambodia, Vietnam, China na Korea. Ni bapa kama jani, urefu wake sentimita moja au mbili. Mayai yake hutoka na kinyesi cha mtu, paka au mbwa. Yakifika majini humezwa na konokono, na ndani ya konokono hugeuka viluwiluwi. Hao hutoka, humtoboa samaki na kujificha kwenye nyama, wadogo mno hata jicho haliwaoni. Mtu akila samaki huyo mbichi, huingia kwenye mirija ya nyongo na wanaweza kukaa humo miaka mingi bila mtu kujua.

Thailand wapo wanaopenda samaki mbichi aliyekatwakatwa na kuchanganywa na ndimu na pilipili. Chakula hicho huitwa koi pla. Ndimu hubadilisha rangi ya nyama, ikaonekana kama imeiva, lakini haiwaui viluwiluwi. Eneo hilo linaongoza duniani kwa saratani ya mirija ya nyongo, na mwaka 1994 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilithibitisha kwamba mnyoo huyo husababisha saratani kwa binadamu.

Na yule mweupe kama utepe unayemkuta kwenye dagaa (wengine mnasema ndagala au mukene)? Huyo humalizia maisha yake tumboni mwa ndege wa majini, si mwa mtu. Toa matumbo, osha, kisha pika mpaka nyama iachane na mfupa. Mgao ukiwa mdogo, kutupa chakula kizuri kwa hofu ni hasara. Ila chumvi na jua peke yake havitoshi, lazima moto.

Sasa tuje kwa mnyoo anayeharibu ini huku kwetu. Naye hutoka kwa konokono, lakini hangoji umle. Ni mnyoo wa kichocho cha tumbo, yaani bilharzia. Viluwiluwi wake hupenya ngozi kwa dakika chache tu unapooga ziwani, kufua, kuteka maji au kuvuta nyavu. Minyoo wakubwa hukaa kwenye mishipa ya damu karibu na utumbo. Mayai yao husukumwa na damu mpaka kwenye ini na kuacha makovu. Miaka ikipita tumbo huvimba, na mtu anaweza kutapika damu. Kwa hiyo mtoto anayekula samaki aliyeiva vizuri lakini anaoga ziwani kila mchana bado hajakingwa.

Dawa ya minyoo hao wote wawili ni moja, prazikwanteli. Imeze ukiwa umekula. Kizunguzungu au kichefuchefu kikija, kwa kawaida hupita upesi. Kisikufanye umzuie mtoto siku ya kugawa vidonge. Ukirudi majini utaambukizwa tena, kwa sababu dawa huua minyoo waliomo, haizuii wapya. Maji ya ziwa yakikaa kwenye pipa lililofunikwa siku mbili, bila konokono ndani, viluwiluwi hufa na unaweza kuyaogea. Ya kunywa yachemshe.

Ukiona damu kwenye choo kikubwa, kuhara kusikokwisha au tumbo la mtoto linavimba, nenda kituo cha afya. Mwambie muuguzi kama uliwahi kuishi karibu na ziwa, hata kama ni zamani ulipokuwa Uvira au Fizi. Minyoo hao huishi mwilini miaka mingi, na asipojua hilo huenda asifikirie kupima kinyesi chako.