Kabla Moto Haujaja: Maneno ya Bima Anayopaswa Kuyajua Mkaazi wa Faza

Septemba 2009 moto uliteketeza mamia ya nyumba mjini Faza na kuziacha familia nyingi hazina pa kulala. Msiba kama ule ukitokea, tunategemea michango ya ndugu, majirani na wahisani. Bima ni mchango wa aina nyingine: unatolewa kabla ya msiba, na malipo yake hufuata maandishi ya mkataba. Huruma haiingii hapo. Ndiyo maana ni muhimu mtu aelewe maneno yake kabla ya kutia saini.

Kwanza ni ada, yaani pesa unazolipa ili upate kinga. Sheria ya Bima ya Kenya, Sura ya 487, hairuhusu kampuni kubeba hatari kabla ada haijalipwa. Ahadi ya wakala kwamba "utalipa mwezi ujao" si kinga. Lipa moja kwa moja kwa kampuni, wala si kwa simu ya mtu binafsi, na uweke risiti.

Pili ni maslahi. Huwezi kukatia bima mali ambayo ikiharibika wewe huna hasara. Hii haina maana kwamba lazima uwe na hati miliki ya kiwanja. Mpangaji ana maslahi katika bidhaa zake za dukani, na benki ina maslahi katika jengo lililowekwa rehani.

Tatu ni uaminifu. Anayekata bima anatakiwa aseme kila jambo kubwa linaloongeza hatari, hata kama hakuulizwa. Ikiwa paa ni la makuti, sema ni la makuti. Ikiwa unaweka mapipa ya petroli ya mashine za boti nyuma ya duka, sema. Ukificha ili ada ipungue, kampuni inaweza kuuvunja mkataba siku ile unayouhitaji.

Nne ni fidia. Bima ya mali hukurudisha pale ulipokuwa kabla ya hasara, haikutajirishi. Ukikata kwa kampuni mbili, hulipwi hasara moja mara mbili. Na kama moto uliwashwa na uzembe wa mtu mwingine, kampuni ikishakulipa huchukua nafasi yako kumdai mtu huyo.

Tano ni wastani, na hapa wengi huumia. Tuseme duka na bidhaa zake vina thamani ya shilingi 2,000,000, nawe umekata bima ya 1,000,000 ili kupunguza ada. Moto ukiunguza mali ya 600,000, hutapata 600,000. Ulikata nusu, basi utalipwa nusu: 300,000.

Sita ni chanzo cha hasara. Mkataba hutaja hatari zinazolipiwa na zile zisizolipiwa. Nyumba ikiharibiwa na maji ya kuzimia moto, au ikibomolewa ili moto usivuke mtaa, kwa kawaida hiyo huhesabiwa kuwa hasara ya moto. Lakini soma orodha ya yasiyolipiwa, hasa mafuriko na ghasia.

Kwa wenye boti, Kenya ina Sheria ya Bima ya Baharini, Sura ya 390. Ukikipeleka chombo baharini huku ukijua hakifai kusafiri, kampuni haiwajibiki kwa hasara iliyotokana na ubovu huo. Na kama mkataba umeweka sharti la idadi ya abiria, kulivunja ni kuhatarisha kinga yako yote.

Wapo wanaoiepuka bima kwa sababu ya riba na gharar. Tangu 2011 Kenya ina kampuni ya takaful, ambapo wanachama huchangia mfuko wa kusaidiana na kampuni huusimamia. Hata huko, ukweli wako kuhusu mali na kiwango ulichochangia ndivyo vinavyoamua utakacholipwa.

Hasara ikitokea, toa taarifa haraka, piga picha, weka stakabadhi za manunuzi mbali na duka, wala usitie saini karatasi ya kukubali malipo kamili kabla hujaielewa. Ukikataliwa, omba sababu kwa maandishi, kisha peleka malalamiko kwa Mamlaka ya Kudhibiti Bima. Mamlaka hiyo ndiyo pia itakayokuambia kama kampuni au wakala aliyebisha hodi kwako ana leseni. Muulize hilo kabla hujampa hata shilingi moja.