Gari la Zamani Nalo Lataka Kioo cha Kushoto

Peugeot 504 yangu ilikuwa na kioo kimoja tu cha pembeni, upande wa dereva. Juzi hapo Mwembe Tayari, nikikata kushoto, nusura nimgonge mtu wa bodaboda aliyempakia mtoto wa madrasa. Wallahi sikumuona.

Ukitaka kutia kioo cha kushoto, usikimbilie kutoboa. Keti kwenye usukani, mwenzako akisogeze mlangoni mpaka uone barabara ya nyuma na ubavu wa gari lako kidogo. Hapo tieni alama. Pandisha dirisha kabla ya kutoboa, lisije likapasuka. Kisha paka tundu rangi. Chumvi ya bahari hula bati upesi.

Kioo kilichobinuka huonyesha eneo pana, lakini kilicho karibu hukionyesha kiko mbali.

Tumefundishwa kumfunga ngamia kwanza, ndipo tutawakali.