Mtoto Akumbushwe Nini?

Jumba ambalo hapa kwetu huitwa makavazi lina jina jingine: makumbusho, kutokana na kitenzi kumbusha. Lakini mtu hukumbushwa alilokwisha kulijua. Je, mtoto wa miaka minne alelewaye katika nyumba za kupanga za Ruiru au Thika, asiyepata kuona kinu wala jiwe la kusagia, akumbushwe nini? Akipelekwa Nairobi akatazame kibuyu nyuma ya kioo, kwake hiyo ni picha tu.

Mtoto wa umri huo hujifunza maneno kwa mikono. Na atwange mahindi kinuni, abebe kiondo ahisi uzito wake, ndipo majina ya vitu hivyo yatakapomkaa, yawe ya Kikuyu, Kikamba au Kiswahili. La sivyo, tutahifadhi chombo na kupoteza jina lake.

Wapo watakaouliza fedha zitatoka wapi. Chumba kimoja chatosha, pamoja na mlezi mwenye subira na nakala zilizotengenezwa na mafundi wetu. Vya kale vibaki kabatini. Isitoshe, Katiba ya 2010 ilizikabidhi serikali za kaunti elimu ya chekechea na makumbusho pia. Kaunti ya Kiambu, basi, imeyashika yote mawili. Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu 700,000 katika miji hii miwili. Watoto wao wanastahili chumba hicho sasa, kwani udongo uwahi ungali maji.