Mtengenezaji wa vipodozi, kibandiko chako kinasema nini?

Huenda wewe ni mmoja wa wale wanaotengeneza mafuta ya kujipaka, sabuni au krimu ya nywele nyumbani na kuwauzia majirani, saluni na maduka ya mtaani. Umetafuta mafuta ya nazi kutoka Pwani na siagi ya shea kutoka Uganda, ukanunua vikopo, kisha ukachapisha kibandiko, au lebo kama wengi wanavyokiita, chenye jina la kupendeza na picha ya ua. Je, mteja akidhurika, kibandiko hicho kitamfaa kwa lipi?

Nauliza kwa sababu katika chumba cha daktari kibandiko ndicho shahidi wa kwanza. Mama huja uso umevimba na kumwasha, nami humwomba alete kila anachojipaka. Aghalabu kikopo huwa kimeandikwa tu kwamba ni cha asili na hakina kemikali. (Hata maji ni kemikali, lakini tuyaache hayo.) Mafuta ya mchaichai ni ya asili na huwadhuru baadhi ya watu. Mafuta ya ganda la ndimu ni ya asili pia, lakini ngozi iliyopakwa ikipigwa na jua yaweza kuungua na kubaki na madoa meusi. Nisipojua kilichomo, hunibidi nimkataze mgonjwa kila kitu na kungoja majuma kadhaa, au nimtume kwa mtaalamu wa ngozi.

Kwa hiyo andika viungo vyote, ukianza na kilicho kingi zaidi. Usiache manukato, rangi wala dawa ya kuzuia kuoza. Tumia majina yanayotumika kimataifa, na ya Kiswahili kando yake ukipenda. Weka uzito, jina lako na mahali ulipo, jinsi ya kutumia, tahadhari, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi. Kiwango cha Afrika Mashariki kuhusu vibandiko vya vipodozi, EAS 346, kinapatikana kwa Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS). Kisome kabla ya kulipa mchapishaji.

Jambo linalosahaulika sana ni nambari ya fungu, yaani vikopo vilivyopikwa pamoja. Iandike kwenye kikopo na katika daftari lako, pamoja na mahali uliponunua kila kiungo. Fungu moja likiharibika utarudisha hilo tu, si mali yako yote. Hasa ukitia maji au utomvu wa mshubiri, kumbuka kwamba viini hustawi penye maji.

Na wewe unayenunua krimu kwa debe na kuipakia upya, usiandike viungo usivyovijua. Mwaka wa 1998 Kenya ilipiga marufuku vipodozi vyenye zebaki au hidrokwinoni, lakini bado krimu za kujichubua zimo sokoni. Zebaki hupenya ngozi na kuharibu figo. Muuzaji akikataa kukupa orodha ya viungo kwa maandishi, mwachie debe lake.

Sasa kibandiko chenyewe. Wachapishaji ni wengi, wakiwemo wale wa River Road jijini Nairobi, na wengi watakuonyesha karatasi ya kawaida kwanza kwa kuwa ni rahisi. Karatasi hiyo ikigusana na mafuta na mvuke wa bafuni hulowa na kubanduka, hapo shahidi wetu akawa bubu. Omba kibandiko cha plastiki chenye gundi inayostahimili mafuta. Wino wa printa nyingi za nyumbani huchuruzika ukiguswa na maji, nayo karatasi kama ya risiti za supamaketi hufifia. Usiagize elfu moja mara moja. Chukua vichache, ubandike, upake mafuta, uweke bafuni juma zima, kisha usugue kwa kidole gumba. Maandishi yakifutika, tafuta mchapishaji mwingine.

Kabla ya kubandika, pangusa kikopo kwa spiriti na ukiache kikauke kabisa, kwani gundi haishiki penye mafuta. Bandika kuanzia katikati ukielekea pembeni ili hewa itoke, na uiache gundi siku nzima ishike vizuri. Bandika kwenye kikopo chenyewe, si kwenye kifuniko wala boksi, maana vifuniko hubadilishwa na boksi hutupwa siku ya kwanza.

Usinunue vibandiko vya alama ya ubora vinavyouzwa vichochoroni. Alama hiyo hutolewa na KEBS pamoja na nambari ya kibali, na mnunuzi aweza kuihakiki kwa kutuma ujumbe kwa 20023. Wala usiandike kwamba mafuta yako yanaponya ukurutu. Ukidai kuponya, unauza dawa, na hiyo ni kazi ya Bodi ya Dawa na Sumu kuidhinisha.

Mwisho, hifadhi kikopo kimoja cha kila fungu, pamoja na kibandiko chake, hadi muda wake upite. Na nambari ya simu unayochapisha iwe ile unayoipokea, kwa kuwa siku moja huenda anayepiga akawa daktari mwenye mgonjwa mbele yake.