Pensheni, Msaada na Kodi ya Nyumba

Mtu wa shamba afikapo Dar es Salaam huziona ofisi kubwa za Serikali pale Kivukoni, kisha akienda Kariakoo huyaona maghorofa yaliyojaa wapangaji. Wengine hudhani ya kuwa kila mzee akaaye humo hulishwa na Serikali, na kodi ya chumba chake hulipwa vile vile. Sivyo. Tumeona inafaa kuwaeleza wasomaji wetu jambo hili, maana wengi hawalitambui mpaka nguvu zimekwisha kuwatoka.

Kwanza, pensheni. Pensheni si sadaka, bali ni akiba iliyotokana na kazi. Mtumishi wa Serikali huchangia mfuko wa PSSSF, uliofanywa mwaka 2018 kwa kuunganisha mifuko minne. Katika kila shilingi 100 za mshahara, yeye hukatwa 5 na mwajiri hutoa 15. Wafanyakazi wa makampuni huchangia NSSF, iliyoshika mwaka 1997 kazi ya mfuko wa akiba ulioanzishwa mwaka 1964. Apataye pensheni ya kila mwezi ni yule aliyechangia miezi 180, yaani miaka 15, naye amefika umri wa kustaafu: miaka 55 kwa hiari, au 60 kwa lazima. Basi karani wa Kivukoni anayo haki hiyo. Lakini hamali wa sokoni na mchuuzi wa samaki wa Feri, wasioandikishwa popote, hawana. Hesabu ya watu ya mwaka 2012 ilionyesha wazee zaidi ya milioni 2 na nusu katika Tanzania, na walio wengi ni wakulima ambao hawakuajiriwa kamwe.

Pili, msaada. TASAF, iliyoanza mwaka 2000, imegawa fedha kwa kaya maskini zaidi ya milioni 1. Fedha hizo hazikutolewa kwa ajili ya uzee, bali kwa ajili ya umaskini, na majina yalitajwa kwanza mbele ya mkutano wa kijiji au mtaa. Zanzibar imefuata njia nyingine: tangu Aprili 2016 kila mzee wa miaka 70 alilipwa shilingi 20,000 kwa mwezi, pasipo kuulizwa kama alichangia, na baadaye kiasi hicho kiliongezwa. Uingereza nayo ilianza hivyo mwaka 1909, kwa shilingi 5 kila juma kwa wazee maskini wa umri huo huo.

Tatu, kodi. Huko Uingereza mpangaji maskini husaidiwa na Serikali kulipa kodi. Kwetu hakuna malipo ya namna hiyo. Palikuwa na sheria ya mwaka 1984 ya kuzuia kodi isipandishwe ovyo, nayo ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo kodi ni mapatano ya mwenye nyumba na mpangaji. Na hapa ndipo penye taabu. Pensheni huja mwezi kwa mwezi, lakini wenye nyumba wengi wa mjini hutaka kodi ya miezi sita au ya mwaka mzima kwa mara moja. Mstaafu aliyepanga hujikuta akikopa, au akiwategemea watoto wake, ingawa pensheni yake haikukatika.

Kwa hiyo twawashauri wasomaji mambo matatu. Mwenye kazi na aulize mara kwa mara kama michango yake imefika katika mfuko, wala asingoje siku ya kustaafu. Fundi, mkulima na mfanya biashara waweza kujiandikisha NSSF kwa hiari yao. Na aliye karibu kustaafu na apate kwanza mahali pa kukaa, kabla mkupuo wake haujaliwa na kodi.

Ninyi walimu na viongozi wa vijiji, msaada ukipita kwenu, mtajeni pia mzee mgonjwa asiyeweza kufika mkutanoni, maana asiyetajwa hapati. Akiba haiozi, lakini asiyeweza kuweka akiba hana budi kukumbukwa na wenzake.