Uji peke yake hautoshi

Mtoto mdumavu akipata maziwa ya kutosha, je, akili yake nayo itanyanyuka? Swali hilo lilipimwa Kingston, Jamaika, kuanzia 1986, katika utafiti ulioongozwa na Sally Grantham-McGregor. Watoto 129 wadumavu wa umri wa miezi 9 hadi 24, wote wa mitaa maskini, waligawanywa makundi manne. Kundi moja lilipewa kilo moja ya maziwa ya unga kila wiki. La pili lilitembelewa nyumbani na mhudumu wa afya ya jamii, saa moja kwa wiki, kwa miaka miwili. La tatu likapata vyote, la nne halikupata hata kimoja.

Saa hiyo moja inastahili kutazamwa kwa karibu. Mhudumu alikaa chini na mama na mtoto, akiwa na vifaa vya kuchezea vilivyotengenezwa kwa chupa tupu na maboksi. Mama alionyeshwa jinsi ya kumjibu mtoto anapobwabwaja, kumtajia jina la kitu anachokitazama, kumsifu akifaulu. Vifaa viliachwa pale nyumbani, na wiki iliyofuata vikabadilishwa. Aliyefundishwa hasa ni mama, maana ndiye anayeshinda na mtoto.

Miaka miwili ilipokwisha, maziwa na michezo vyote vilikuwa vimesaidia, na waliopata vyote viwili walikuwa wamewakaribia wenzao wasiodumaa. Lakini faida ya maziwa kwa akili ilififia baadaye. Ya michezo ikadumu: walipofikisha miaka 22, waliochezeshwa walikuwa wakipata kipato kikubwa kwa asilimia 25 kuliko wale ambao hawakuchezeshwa.

Kwa nini mchezo uwe na nguvu kiasi hicho? Sehemu ya jibu ilikwishaonekana kwa panya. Katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, Mark Rosenzweig, Marian Diamond na wenzao waliwalisha panya chakula kile kile, ila wengine waliwekwa peke yao kwenye vizimba vitupu, wengine pamoja na wenzao, wakiwa na ngazi na vifaa vya kuchezea vilivyobadilishwa mara kwa mara. Mwaka 1964 Diamond aliripoti kuwa gamba la ubongo la hao wa pili lilikuwa nene zaidi. Seli za ubongo huimarisha miunganiko inayotumika, na isiyotumika hupunguzwa.

Tanzania, utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano wamedumaa. Tunawahimiza kina mama kuhusu uji wa lishe, mayai na dagaa, na ni haki kabisa. Programu ya taifa ya malezi na makuzi iliyozinduliwa 2021 imeongeza uchangamshi wa mtoto kuwa hitaji kamili. Naomba lifike kliniki, siku ile ile ya kupima uzito: muuguzi akishasoma mizani, amuulize mama, na baba akiwepo, jana mtoto alicheza na nani.