Herufi Kubwa, Alama na Tahajia: Tumsaidie Mwanafunzi wa Gredi ya 4 Hadi 6

Mtoto akiingia Gredi ya 4, anatarajiwa kuandika aya na insha. Miaka hiyo mitatu, hadi tathmini ya KPSEA katika Gredi ya 6, ndiyo ya kumzoesha kuandika sawasawa. Makosa yakiachwa humfuata hadi sekondari, na hata kwenye stakabadhi zake.

Herufi kubwa

Hutumika mwanzoni mwa sentensi na katika majina maalumu ya watu, mahali, lugha, siku na miezi: Eldoret, Kiswahili, Jumatatu, Januari. Neno "mto" huandikwa kwa herufi ndogo, lakini likiwa sehemu ya jina huwa Mto Sosiani.

Alama za uakifishaji

Katika Kiswahili, taarifa na swali huweza kuwa na maneno yale yale. "Mwalimu amefika." ni habari; "Mwalimu amefika?" ni swali. Tunapozungumza, sauti hutofautisha. Kwenye karatasi, kazi hiyo ni ya kiulizi.

Koma nayo hubadilisha maana. "Mama Kibet amekuja" ni kusema mamake Kibet amefika. "Mama, Kibet amekuja" ni mtoto anayemwarifu mamake kuwa Kibet amefika.

Ritifaa husahaulika sana. Mwambie mtoto atamke "ng'ombe" na "ngoma", asikie tofauti, kisha aandike.

Tahajia

Darasa moja la Eldoret huwa na watoto wa lugha nyingi. Kikalenjin hakitenganishi k na g, p na b, wala t na d kama Kiswahili kinavyofanya. Ndiyo maana "goti" huandikwa "koti", na "baba" akawa "papa", samaki wa baharini. Kwa baadhi ya wanaozungumza Kikuyu, l na r hubadilishana: "kalamu" ikawa "karamu". Kosa hili hutokana na lugha ya nyumbani, si uvivu. Kumcheka mtoto hakumsaidii. Kumtamkia maneno hayo mawili mawili, naye akayaandika, humsaidia.

Jina lake mwenyewe

Jelimo na Chelimo, Jepkosgei na Chepkosgei: yote ni majina sahihi, lakini mtoto ana moja tu kwenye cheti cha kuzaliwa. Jina likiandikwa tofauti kwenye usajili wa mtihani au fomu ya basari, mzazi huenda akalazimika kuthibitisha kwamba ni mtoto yule yule, na muda ukapotea. Mzazi, toa cheti hicho nyumbani, mtoto anakili majina yake yote, herufi kwa herufi.

Dakika tano kila siku

Imla fupi inatosha. Msomee sentensi moja polepole, aandike, kisha mwonyeshe sentensi sahihi ajisahihishe mwenyewe. Wiki moja shughulikia jambo moja tu, kwa mfano herufi kubwa, na wiki inayofuata koma. Daftari lililojaa wino mwekundu humvunja mtoto moyo.

Mwishoni mwa mwezi, mjaribu kwa sentensi hii:

"Je, Chebet, ng'ombe wa baba wamevuka Mto Sosiani?"

Ina herufi kubwa nne, koma mbili, ritifaa na kiulizi. Akiiandika bila kosa, mpongeze, kisha mtungie nyingine.